Tofauti Ambazo Kanisa Halikuzifuta

Ndugu zangu, baba zetu na mama zetu, nanyi vijana mlioomba tuzungumze juu ya mahali ambapo Biblia inaonekana kujipinga, Bwana asifiwe.

Nianze na mtu aitwaye Tatiano. Aliishi karne ya pili, akasoma Roma kwa Yustino Mfiadini, na yapata mwaka 170 akafanya kazi ambayo wengi wetu tungeipigia makofi. Alizichukua Injili nne akazisuka kuwa simulizi moja. Pale ambapo Marko anasema hivi na Yohana anasema vile, Tatiano alichagua au aliunganisha. Tukio lililosimuliwa mara nne likasimuliwa mara moja. Kitabu hicho kilipendwa, na makanisa ya lugha ya Kisiria yalikisoma ibadani kwa zaidi ya miaka 200.

Katika karne ya tano Theodoreto, askofu wa Cyrrhus huko Siria, alikuta zaidi ya nakala 200 za kitabu hicho makanisani mwake. Akaziondoa zote, na mahali pake akaweka Injili nne kama tulizo nazo leo. Lalamiko lake mojawapo lilikuwa kwamba Tatiano amezikata nasaba za Yesu. Nasaba hizo ndizo zenye ugumu mkubwa: Mathayo anasema baba yake Yusufu alikuwa Yakobo, Luka anasema alikuwa Eli. Hatuhitaji kubishana juu ya nia ya Tatiano ili tuone gharama ya kazi yake. Aliyetaka simulizi moja iliyonyooka alilazimika kukata, na alichokikata ni Maandiko.

Nimeanza hapo kwa sababu kijana anapoonyeshwa orodha ya mahali ambapo "Biblia inajipinga", anadhani mtu mwerevu wa kizazi hiki ameivumbua siri iliyofichwa. Hakuna siri. Waliotukabidhi Biblia waliziona tofauti hizi kabla yetu. Walikuwa na uwezo wa kuzifuta na walikuwa na kitabu tayari kilichozifuta, nao wakakikataa. Sisi tunaozionea haya tunawazidi wao wivu kwa Neno? Ninachowaomba jioni hii ni kimoja: kabla hujamtetea mwandishi wa Biblia, kwanza msikilize anasema nini. Tetezi nyingi tunazozitoa kwa haraka humziba mdomo yule yule tunayedai kumtetea.

Fungueni Marko 5, kuanzia mstari wa 21. Yairo, mkuu wa sinagogi, anaanguka miguuni pa Yesu na kusema binti yake yu karibu kufa. Yesu anafuatana naye. Njiani mwanamke mwenye kutokwa na damu miaka 12 anagusa vazi lake. Yesu anasimama, anauliza ni nani aliyemgusa, anageuka huku na huku kutafuta. Mwanamke anakuja akitetemeka na kumweleza kweli yote. Angalieni mahali alipo Yairo wakati huo. Amesimama pale pale, binti yake anakata roho, na yule aliyemwomba aharakishe amesimama kumsikiliza mgonjwa wa miaka 12. Ndipo watu wanafika kutoka nyumbani: binti yako amekwisha kufa, ya nini kumsumbua mwalimu?

Sasa someni Mathayo 9:18. Yule baba anafika na neno lake la kwanza ni kwamba binti yake amekufa sasa hivi. Je, alikuwa amekufa au alikuwa karibu kufa? Wapo wafafanuzi waliofikia kusema binti huyo alifufuliwa mara mbili, ili tu wote wawili wawe sahihi neno kwa neno. Wapo pia waliohesabu kwamba Petro alimkana Bwana mara sita. Hapo tumeiandika Injili ya tano ambayo hakuna mtume aliyeiandika.

Marko anasimulia kwa mistari 23. Mathayo anayasimulia hayo hayo kwa mistari tisa. Amewaondoa wajumbe kabisa. Na ukishawaondoa wajumbe, habari ya kifo lazima itoke kinywani mwa mtu mwingine, naye anayebaki ni baba. Hivyo ndivyo waandishi wa zama zile walivyofupisha, na wasomaji wao walilielewa hilo. Mathayo anafanya vivyo hivyo kwa yule akida wa Kapernaumu aliyemwombea mtumishi wake: kwake akida anakuja mwenyewe, kwa Luka anatuma wazee wa Wayahudi. Aliyetuma amesema. Hakuna aliyedanganya hapo.

Lakini nataka mwone faida, si udhuru tu. Kwa Marko tunapata saa ya kungoja, imani ya baba inayojaribiwa njiani. Kwa Mathayo tunapata baba ambaye binti amekwisha kufa na bado anasema, njoo uweke mkono wako juu yake, naye ataishi. Ukizichanganya habari hizi mbili kuwa moja, unazipoteza zote mbili.

Twendeni kaburini. Swali tunalorushiwa ni hili: walikwenda wanawake wangapi, na malaika walikuwa wangapi? Yohana 20 anamtaja Mariamu Magdalene peke yake. Marko anawataja watatu. Lakini msikieni Mariamu huyo huyo wa Yohana anapomkimbilia Petro katika mstari wa pili: "Wamemwondoa Bwana kaburini, wala hatujui walikomweka." Hatujui! Yohana amemwelekezea jicho mwanamke mmoja kwa sababu anataka kutufikisha pale bustanini ambapo ataitwa kwa jina lake. Wengine hakuwafuta, wamo ndani ya neno alilolisema Mariamu mwenyewe.

Na Luka je? Sura ya 24, mstari wa 12, ni Petro anayekwenda mbio kaburini. Petro tu. Shukeni hadi mstari wa 24, kwenye njia ya Emau, na hapo wale wanafunzi wawili wanasema kwamba wengine waliokuwa pamoja nao walikwenda kaburini. Sasa wamekuwa wengi. Ni mwandishi yule yule, sura ile ile, mistari 12 baadaye. Ikiwa Luka anaweza kumtaja mmoja huku akijua kwamba walikuwa zaidi ya mmoja, basi Marko anaweza kumtaja kijana mmoja aliyevaa vazi jeupe pale ambapo Luka anawataja wawili. Hilo halimalizi kila swali la asubuhi ile. Habari za Yesu kuwatokea wanafunzi Galilaya kwa Mathayo na Yerusalemu kwa Luka zinahitaji kusomwa kwa subira zaidi. Lakini hoja ya hesabu ya watu, ambayo ndiyo inayopigiwa kelele, naiona dhaifu.

Kuna tofauti za namna nyingine, na hapa naomba tusiwe waoga. Wafalme wa Pili 8:26 inasema Ahazia, mfalme wa Yuda, alianza kutawala akiwa na miaka 22. Mambo ya Nyakati ya Pili 22:2, katika maandishi ya Kiebrania yaliyotufikia, inasema miaka 42. Baba yake Yehoramu alianza kutawala akiwa na miaka 32, akatawala miaka minane, akafa. Piga hesabu: alikufa akiwa na miaka 40. Mwana hawezi kumzidi baba yake miaka miwili, tena kitabu hicho hicho kinasema Ahazia alikuwa mdogo wa wana wote. Hakuna fumbo la kiroho hapo. Mnakili alikosea. Baadhi ya nakala za kale za tafsiri ya Kigiriki, pamoja na tafsiri ya kale ya Kisiria, zinatusaidia kuliona kosa hilo.

Kwa karne nyingi kila nakala ya Maandiko iliandikwa kwa mkono, na macho huchoka. Mfalme Yehoyakini anapoanza kutawala ana miaka 18 katika Wafalme, na minane katika Nyakati. Goliathi ana urefu wa dhiraa sita na shibiri katika maandishi ya Kiebrania tuliyoyazoea, yaani karibu mita tatu. Lakini hati ya Samweli iliyopatikana Qumran, kwenye mapango yaliyoanza kugunduliwa karibu na Bahari ya Chumvi mwaka 1947, inampa dhiraa nne na shibiri, kama mita mbili. Bado ni jitu, na bado Daudi ni kijana mwenye kombeo.

Mtu akikuuliza kama unakubali kwamba wanakili walikosea, mwambie ndiyo. Augustino alimwandikia Yeronimo, mfasiri wa Biblia ya Kilatini, hivyo mwanzoni mwa karne ya tano. Alisema kwamba akikutana katika Maandiko na jambo linaloonekana kupingana na kweli, hufikiri moja kati ya matatu: nakala ina kasoro, au mfasiri hakuipata maana, au yeye msomaji hajaelewa. Askofu huyo hakutikisika hata kidogo kwa kosa la mnakili. Na sisi tunaweza kuyaona makosa hayo kwa sababu nakala ni nyingi; ingekuwa imebaki moja tu, tusingekuwa na cha kulinganisha.

Sasa niende kwenye zile ninazozipenda kuliko zote, zinazokaa ndani ya sura moja. Samweli wa Kwanza 15. Mstari wa 11, Mungu anasema amejuta kumtawaza Sauli. Mstari wa 29, Samweli anasema Mungu si mwanadamu hata ajute. Mstari wa 35, Bwana akajuta. Mnadhani mwandishi alisahau? Aliyaweka maneno hayo karibu hivyo kwa makusudi. Tazameni kilichotokea kabla ya mstari wa 29: Sauli ameng'ang'ania pindo la vazi la Samweli mpaka likararuka. Anabembeleza ili hukumu ibadilike. Hapo ndipo anaambiwa Mungu habembelezwi akageuka kama wanadamu wanavyogeuka. Hata hivyo Mungu huyo asiyegeuka anahuzunika, na nabii wake alilia usiku kucha. Ukifuta mstari mmoja, utabaki na Mungu mgumu asiye na huzuni. Ukifuta mwingine, utabaki na Mungu anayeyumba. Mwandishi alikataa kutupa nusu.

Mithali 26 ni hivyo hivyo. Mstari wa nne: usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake. Mstari wa tano: mjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake. Mmoja juu ya mwingine! Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, inakumbuka kwamba wenye hekima wa Kiyahudi walitaka hata kukiweka kando kitabu hicho kwa sababu ya maneno haya, kisha wakaona kwamba kila moja lina mahali pake. Sisi tunaosema Kiswahili tusisumbuke sana. Tunasema haraka haraka haina baraka, na bibi yule yule aliyetufundisha hiyo hutuambia pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Hakuna anayemwita bibi mwongo. Tunajua hekima ni kutambua leo ni siku ya ipi kati ya hizo mbili. Kitabu cha Mithali kinatutaka tufikiri hivyo hivyo tukiwa mbele ya mpumbavu: mara nyingine kumjibu kunakushusha uwe kama yeye, mara nyingine kunyamaza kunamwacha ajione ameshinda.

Kuhusu sensa ya Daudi nitapita haraka. Samweli wa Pili 24 inasema hasira ya Bwana ndiyo iliyomchochea Daudi kuwahesabu watu. Nyakati ya Kwanza 21 inasema ni Shetani. Mwandishi wa Nyakati aliandika baada ya uhamisho wa Babeli, akiijua habari ya zamani, na alilieleza tukio lile lile kwa kumtaja mchochezi wa karibu. Katika Ayubu, Shetani hafanyi kitu bila ruhusa. Katika Mwanzo 50:20, Yusufu anawaambia ndugu zake kwamba wao walikusudia mabaya na Mungu akakusudia mema, kwa tendo lile lile moja. Biblia imezoea kusema hivyo. Hesabu za watu katika sura hizo mbili hazilingani, na sidhani kila jaribio la kuzilinganisha linatusaidia.

Paulo na Yakobo nao wanahitaji maneno machache tu, ingawa wamegombanisha watu wengi. Martin Luther, katika dibaji yake ya Agano Jipya ya mwaka 1522, aliuita waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu, ingawa aliuacha ndani ya Biblia yake. Paulo anasema mtu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria. Yakobo anasema si kwa imani peke yake. Angalieni kila mmoja anazungumza na nani. Paulo anawakabili wanaotaka Mataifa watahiriwe kwanza ndipo wahesabiwe kuwa watu wa Mungu. Yakobo anamkabili mtu anayemwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba," kisha hampi kitu. Mtu wa namna hiyo akienda kwa Paulo hatapata kimbilio, kwa maana Paulo katika Wagalatia 5:6 anataka imani itendayo kazi kwa upendo.

Yapo yanayobaki. Mathayo anasema Yuda alijinyonga na makuhani wakanunua konde la mfinyanzi. Matendo 1 inasema Yuda mwenyewe alipata konde kwa ijara ya udhalimu, akaanguka, akapasuka. Jibu la kale ni kwamba kamba ilikatika. Linawezekana, lakini tuliite kwa jina lake: ni dhana, hakuna mstari unaosema hivyo. Wote wawili wanakubaliana juu ya kifo kibaya, fedha ya usaliti, na konde lililoitwa la damu. Kadhalika siku ya Pasaka. Marko anaonyesha kwamba karamu ya mwisho ilikuwa ya Pasaka, na Yohana 18:28 inaonyesha kwamba asubuhi yake viongozi walikuwa bado hawajaila. Wasomi wacha Mungu wamegawanyika hapo kwa karne nyingi. Mtu akikuuliza, mweleze majibu yaliyotolewa, na umwambie pia kwamba hayajawaridhisha wote. Kijana akigundua kwamba mwalimu wake alimpa jibu la kubahatisha kwa sauti ya uhakika, hatamwamini tena hata kwa yale yaliyo hakika. Hivyo ndivyo tulivyowapoteza wengi. Hawakuondoka kwa sababu ya swali.

Nimeliacha la mwisho lile linalonigusa zaidi, maana hapa tofauti si ya hesabu, inagusa maisha ya watu. Kutoka 20:5 inasema Mungu huwapatiliza wana maovu ya baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne. Ezekieli 18:20 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Wapo watu waliobebeshwa mstari wa kwanza miaka na miaka. Mwanamke amekosa mtoto, anaambiwa babu yake alifanya jambo. Kijana ameugua, anaulizwa ukoo wake uliabudu nini.

Someni Kutoka 20 vizuri. Mstari wenyewe unaendelea: "wanichukiao". Unasema juu ya nyumba inayoendelea katika chuki ile ile, vizazi vinavyoishi pamoja chini ya paa moja na kuonja matunda ya baba. Na mstari wa sita unaweka rehema kwa maelfu elfu, mbele ya hao watatu wanne. Sasa nendeni Babeli. Ezekieli yuko na wahamishwa walionyang'anywa kila kitu, na midomoni mwao kuna methali: baba wamekula zabibu kali, na meno ya watoto yametiwa ganzi. Wameyachukua maneno ya amri wakayafanya kilio cha kukata tamaa. Kama tunalipa deni la baba zetu, kutubu kwa nini? Mungu anawajibu kwa kiapo kwamba hawatakuwa tena na sababu ya kutumia methali hiyo katika Israeli. Kisha nabii anataja watu watatu kwa zamu, baba mwenye haki, mwanawe mwovu, na mjukuu aliyeyaona matendo ya babaye asiyafanye. Mjukuu huyo hakika ataishi.

Maandiko yanajieleza yenyewe hapo, nabii akiusahihisha usomaji mbaya wa amri. Na Bwana wetu alipoulizwa katika Yohana 9 ni nani aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake, hata akazaliwa kipofu, alisema si huyu wala wazazi wake.

Kwa hiyo, mhubiri anayeshika Kutoka 20:5 peke yake juu ya kichwa cha mgonjwa amefanya alichofanya Tatiano kwa nasaba. Amekata. Kama kuna mtu nyumbani kwenu aliyeambiwa kwamba anateseka kwa ajili ya dhambi ya babu, usianze kubishana naye juu ya laana. Kaa naye, umfungulie Ezekieli 18, umsomee mistari yote 32 taratibu bila kuruka, na ukifika kwa yule mjukuu, msomee tena.